Kusimulia Barabara

King'ora kililia mara moja tu, na jiji likapasuka katikati.

Barabara ya Zabibu, yenye njia sita na magari yaliyobanana saa tatu ya asubuhi, ilijigawa yenyewe. Magari ya kulia yalisogea kulia, ya kushoto yakasogea kushoto, yote kwa pamoja, bila honi, bila matusi, bila mtu hata mmoja kutoa kichwa dirishani kumuuliza mwenzake leseni alipewa na nani. Katikati ukabaki uwazi ulionyooka, mpana wa kutosha gari moja, ukaenda mpaka macho yanapoishia. Watu wa Unyangwe waliuita mfereji. Ndani ya mfereji huo Kuruta Nyemo Chidawali alikuwa anaendesha gari la doria kwa kilomita mia na themanini kwa saa, meno yote nje.

"Linateleza kama maji, afande!"

"Maji nayo huua," alijibu Sajini Pelagia Kahabi, mkufunzi wake, aliyekaa kiti cha pembeni akimenya karanga kana kwamba yuko barazani kwake.

Tusimlaumu Nyemo kwa kufurahi. Mfereji ulikuwa fahari ya jiji zima. Unyangwe lilikuwa jiji la watu milioni nne, lililochipuka kwenye uwanda mkavu wa kati ambako zamani palikuwa na mashamba ya zabibu na upepo, na kwa miaka thelathini hakuna raia wake aliyeshika usukani. Mtu aliingia garini, akataja anakokwenda, akasinzia. Kazi iliyobaki ilikuwa ya Mpishanishi, akili unde iliyoyaongoza magari yote na kuyapishanisha kwenye makutano bila taa wala trafiki. Kwake kila gari lilikuwa nukta, na kila nukta ilikuwa na mahali pake. Polisi wakihitaji njia, waliminya kitufe, na Mpishanishi akazisogeza nukta zote pembeni, kisha akazifunga. Gari lililofungwa haliendi, milango yake haifunguki, na halipokei amri yoyote mpaka mfereji uzibwe. Ilikuwa kwa usalama wa abiria wenyewe. Siku za mwanzo, kabla ya kufungiwa, walikuwa wakishuka kupiga picha.

Ni polisi na zimamoto tu waliobakiziwa usukani, kwa kuwa sheria ilitaka pawe na binadamu wa kulaumiwa. Nyemo alikuwa na miaka saba alipoliona gari la Kikosi cha Mwendo likipita mtaani kwao, na kilichomshangaza hakikuwa king'ora. Lilikuwa gari pekee mjini ambalo mtu aliyekaa mbele alikuwa anatazama mbele. Tangu siku hiyo aliutaka usukani kuliko alivyopata kutaka kitu kingine chochote. Sasa alikuwa na miaka ishirini na miwili, amebakiza mtihani mmoja, na mtihani huo alikwisha kuufeli mara ya kwanza. Kanuni ya chuo ilikuwa fupi: ukifeli mara mbili unapelekwa kaunta ya kituo, na kaunta ndiko utakakostaafia.

Gari lilipoingia getini mwa chuo, Sajini alijikung'uta maganda ya karanga mapajani. "Haya. Zima mfereji, twende Mji wa Mabati."

Furaha yote ya Nyemo ikamwishia. Mji wa Mabati ulikuwa uwanja wa mazoezi nyuma ya mabweni: mitaa michache ya nyumba bandia, kipilefti kimoja, matuta, na vinyago. Vinyago vilikuwa roboti waliovalishwa nguo za watu, na kazi yao ilikuwa kuvuka barabara vibaya. Kulikuwa na kinyago cha mlevi, kinyago cha mwanafunzi, na kinyago cha bibi mwenye kanga, ambacho ndicho kilichomfelisha Nyemo mara ya kwanza. Hakuna hata kimoja kilichokuwa na nukta. Mpishanishi hakuvijua, na kwenye skrini ya gari havikuonekana.

Nyemo akaingia mtaa wa kwanza. Macho yake, kama macho ya kila kijana wa Unyangwe, yalikwenda moja kwa moja kwenye skrini. Skrini ilikuwa tupu, basi akaongeza mwendo. Bibi akachomoza nyuma ya kibanda, na kishindo kikasikika.

"Umenigonga, mjukuu wangu," kinyago kilisema kwa upole, kikiwa kimelala chali. "Nimefariki. Asante kwa mazoezi."

Sajini Pelagia hakugomba. Alivua kofia yake, akaivisha skrini.

"Sasa simulia."

"Nisimulie nini, afande?"

"Barabara. Unachokiona, kinachoweza kutokea, na utakachofanya. Kwa sauti, mdomo usifungwe. Ndivyo tulivyofundishwa sisi, na waliotufundisha walifundishwa hivyohivyo, kabla hata Mpishanishi hajatungwa."

Nyemo alitazama mbele. "Naona... barabara."

"Barabara ipo, hatukudhani imekwenda sokoni. Nini kingine?"

"Nyumba."

"Nyumba zina milango. Mlangoni hutoka nini?"

"Watu?"

"Watu, mbuzi, mpira, na nyuma ya mpira mtoto. Endelea."

Ikawa ndiyo kazi yao kwa wiki kadhaa. Kusimulia barabara lilikuwa somo ambalo chuo kilikuwa mbioni kulifuta, maana halikuwa na alama hata moja kwenye mtihani. Makuruta wengine walilicheka. Walisema Sajini anawageuza watangazaji wa mpira. Lakini Nyemo maji yalikuwa yamemfika shingoni, na mfa maji haachi kutapatapa, basi alisimulia mpaka sauti ikamkauka. Alijifunza kutazama matairi ya gari lililosimama makutanoni, kwa kuwa tairi hugeuka kabla ya gari kuondoka. Alijifunza kufunga breki kabla ya kona, si ndani yake. Alijifunza kuacha nafasi mbele yake hata akiwa na haraka, kwa sababu nafasi ndiyo akiba ya dereva. Alisimulia hata foleni ya chakula, mpaka mwenzake wa kitanda cha juu akamwomba kwa jina la Mungu anyamaze ale.

"Lakini afande, nikiangalia mambo yote haya nitachelewa," alilalamika siku moja. "Au ndiyo mwenda pole hajikwai?"

"Nani kakwambia uende pole? Jambazi hatakusubiri. Nataka uende mbio huku unaona."

Asubuhi ya mtihani, kiti cha nyuma kilikuwa na mgeni. Mhandisi Edwiga Ndunguru, mama wa makamo mwenye miwani na kishikwambi mapajani, ndiye aliyeubuni mfereji miaka kumi na sita iliyopita. Chuo kilikuwa kimemwomba ushauri: kama mfereji ni mzuri kiasi hiki, mazoezi ya Mji wa Mabati ni ya nini tena? Akaona aje autazame ukifanya kazi kutoka ndani.

"Shikamoo, Mhandisi," Nyemo alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Wewe usinijali. Mimi leo ni mzigo tu."

Aliyetahini hakuwa mtu. Kilikuwa kisanduku cheusi kilichobandikwa kwenye dashibodi, kikiitwa Mpimaji, na kilipima mambo mawili tu: muda na mguso. Kutoka chuoni, kupitia Mji wa Mabati, mpaka Ghala la Maji, upande wa pili wa jiji, kwa dakika kumi na moja, bila kugusa kitu. Mkufunzi alitakiwa akae kimya njia nzima. Neno lake lolote lilihesabiwa msaada, na aliyesaidiwa amefeli. Siku hiyo Sajini Pelagia hata karanga hakubeba.

Mji wa Mabati aliuvuka akisimulia, bila kumgusa hata bibi mwenye kanga. Getini king'ora kikalia, mfereji ukafunguka, na Nyemo akaendelea kusimulia. Hakuna aliyemtuma. Mdomo ulikuwa umeshazoea.

"Mfereji umenyooka, lami kavu. Kulia basi la shule, limefungwa, watoto wanapunga mikono. Kushoto malori mawili. Mbele daraja, kuna upepo wa pembeni, napunguza kidogo. Nimelivuka. Kushoto gari dogo jeupe, limefungwa, vioo vina ukungu, mtu anapiga kioo kwa viganja viwili..."

Akanyamaza. Gari jeupe lilikwisha kubaki nyuma.

Angekuwa hakulisema jambo lile, lingepita kama yanavyopita mambo mengi pembezoni mwa jicho, na mchana angekuwa amelisahau. Lakini alikwisha kulitamka, na masikio yake mwenyewe yalikwisha kulisikia. Mtu anayepunga mkono anasalimia. Mtu anayepiga kioo kwa viganja viwili anataka kutoka.

"Afande?"

Sajini alitazama mbele. Mishipa ya shingo ilikuwa imemsimama na mkono mmoja umelikamata goti. Hakusema neno, na Nyemo alielewa kwamba hatasema.

"Mpishanishi haonyeshi dharura yoyote njia hii," alisema Mhandisi kutoka nyuma, akikagua kishikwambi. "Gari lile limeandikishwa linakwenda dukani. Endelea tu, mwanangu, unakwenda vizuri."

Alikuwa anakwenda vizuri kweli. Muda alikuwa nao, tena wa kubaki. Nyemo aliogopa. Aliwaza benchi la kaunta, na mama yake aliyekwisha kuwatangazia majirani wote kwamba binti yake ni dereva wa Kikosi, na akaona uchungu wa kitu anachokaribia kukipoteza kabla hajakishika. Akawaza pia kwamba huenda yule mtu alikuwa amechoka tu kukaa. Watu huchoka. Kisha akasikia sauti yake mwenyewe ikiendelea na kazi.

"Naangalia vioo, nyuma kweupe. Naachia kanyagio. Usukani umenyooka. Nafunga breki. Nasimama."

Gari la polisi likasimama katikati ya mfereji, jambo ambalo halikuwahi kuonekana Unyangwe. "Mtahiniwa amesimama," Mpimaji akatangaza. "Muda unaendelea." Nyemo akatia gia ya nyuma, akarudi kwa vioo mpaka ubavuni mwa gari jeupe.

Ndani yake mlikuwa na mwanamume kijana, shati limemganda mgongoni. Mikono yake sasa ilikuwa imembeba mtoto wa kike wa miaka kama mitatu, amekakamaa kama ubao, macho yamepinduka. Mdomo wa baba ulikuwa unafunguka na kufungika, lakini kioo kilikuwa kinene na hakuna kilichosikika.

"Mfungulie, Mhandisi!" Nyemo alisema.

Vidole vya Mhandisi vilikimbia juu ya kishikwambi, vikasita, vikakimbia tena. Alipoinua uso, rangi ilikuwa imemtoka. "Sikuweka njia ya kufungua gari moja," alisema. "Yanafunguka yote au halifunguki hata moja. Sikudhani ingehitajika."

"Basi nauziba wote."

"Ukiuziba kabla ya mwisho wake foleni itajichanganya. Mpishanishi hatakupa mfereji mwingine kwa nusu saa nzima. Utakwenda kwa mkono tu."

"Nitakwenda kwa mkono," Nyemo alisema, akaminya kitufe.

Kufuli elfu zilifyatuka kwa mpigo mmoja. Baba yule alitoka na mwanawe kabla mlango haujafunguka sawasawa. "Dada zangu, nisaidieni! Degedege! Tulikuwa tunakwenda dukani tu, homa ikampanda ghafla, mara gari likafungwa. Naliambia hospitali, hospitali, halinisikii!"

"Ingia nyuma, baba," Sajini Pelagia alisema, na hilo lilikuwa neno lake la kwanza tangu chuoni. "Mlaze ubavu. Usimtie kitu mdomoni, si kijiko wala kidole. Mhandisi, shika kichwa chake."

"Mtahiniwa amesaidiwa," Mpimaji akatangaza.

"Hebu nyamaza wewe!" Sajini alikifokea, na kukawa hakuna cha kubishania tena kuhusu mtihani.

Hospitali ya karibu ilikuwa nyuma ya soko kuu. Jiji lilikuwa limeanza kutembea tena, magari elfu kwa pamoja, yakigombania nafasi zilezile. Mpishanishi hakuwa na ubaya. Kwa gari lenye king'ora lakini lisilo na mfereji alitoa heshima ya kawaida, kiasi cha kusogea kidogo, na magari ya Unyangwe yalizoea kupishana kwa upana wa kiganja. Hakuna binadamu aliyewahi kuingiza usukani katikati ya mchezo ule kwa miaka mingi.

"Simulia," Sajini alimwambia taratibu.

"Mbele basi, matairi yananyooka, halitugeukii. Naacha nafasi. Kulia gari jekundu linataka kuchomekea, namwachia apite, nimepata nafasi yake. Naingia. Kona ya kushoto, breki sasa, naachia, nageuka. Mtoto vipi?"

"Bado anatetemeka," Mhandisi alijibu nyuma. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Anapumua, lakini."

"Kipilefti mbele. Magari yanazunguka bila kusimama, hayatasimama kwa ajili yetu. Natafuta upenyo. Si huu. Si huu. Huu." Gari likapenya kati ya lori na teksi, vioo vya pembeni vikakaribia kubusiana. Baba alikuwa anamwita mwanawe, Kabula, Kabula, bila kupumzika. "Mtaa wa soko. Kushoto lori limesimama, linashusha magunia. Chini ya lori naona miguu. Miguu inatembea. Nasimama!"

Wote wakatupwa mbele, mikanda ikawadaka. Mzee mmoja akatokea mbele ya lori akisukuma mkokoteni wa mihogo, hana habari na dunia, hana nukta, hana haraka. Akawatazama, akanyanyua mkono kushukuru, akavuka. Kwenye skrini hakuwepo hata kidogo. Mhandisi alimfuata kwa macho mpaka akapotea upande wa pili.

"Kweupe," Nyemo alisema. "Naondoka."

Walifika. Haikuwa kwa kasi ya mfereji, tusidanganyane, lakini walifika, na muuguzi aliyempokea Kabula mlangoni alikuwa na sindano tayari mkononi, kwa kuwa Sajini alikwisha kupiga simu njiani. Walikaa kwenye benchi la ukumbini, wanawake watatu na yule baba, ambaye sasa alikumbuka kujitambulisha: jina lake Masunga, fundi wa paneli za jua, mama Kabula yuko safarini, atamwambia nini? Kisha nyuma ya pazia kikasikika kilio cha mtoto, kikali, chenye hasira ya kuchomwa sindano, na Masunga akainama akaufunika uso wake kwa mikono, akalia. Nyemo naye alilia. Alikuwa hajawahi kufurahia kilio cha mtoto namna ile.

Mhandisi Edwiga hakulia. Alikuwa amekiweka kishikwambi magotini na anazungumza nacho kwa sauti ya chini, kama mtu anayemhoji mtoto wake juu ya kitu kilichovunjika.

"Mpishanishi. Tangu mfereji wa kwanza, ni watu wangapi wamepiga vioo wakiwa wamefungwa?"

"Sina taarifa," Mpishanishi alijibu.

"Ni magari mangapi yaliyofungwa yalikuwa na mgonjwa?"

"Sina taarifa. Mfereji unapokuwa wazi, naelekezwa kutazama mbele ya gari la polisi. Sikuelekezwa kutazama pembeni."

"Nani alikuelekeza hivyo?"

"Wewe, Mhandisi."

Alikizima. Akautazama ukuta. "Mama yangu alifia kwenye gari la wagonjwa," alisema hatimaye. "Barabara hiihii ya Zabibu, foleni imeziba mbele na nyuma. Nilikuwa nimemshika mkono. Nikaapa kwamba hakuna mtu atakayekufa tena kwa kukosa njia. Miaka kumi na sita, Sajini! Na kila wiki tunaufungua kwa ajili ya mazoezi tu, tunawafunga watu wazima na watoto wao ili makuruta wafurahie mwendo. Wangapi? Sitajua kamwe."

Nyemo alijikunja kwenye benchi. Yale meno aliyoyatoa nje ndani ya mfereji yalimtia aibu.

"Umeokoa wengi pia," Sajini Pelagia alimwambia Mhandisi. "Mimi mwenyewe nimewafikia watu kwa mfereji wako wakiwa wazima, ambao bila huo ningewakuta wamekwisha kuwa maiti. Hilo nalo usilitupe. Ila sasa umejua, na aliyejua ana kazi."

Jioni matokeo yalibandikwa. Kuruta Chidawali: hakufika, alisaidiwa, amefeli. Sajini alikwenda kwa Mkuu wa chuo na kurudi akiwa amefura. Mkuu alikuwa amesikitika, alikuwa amempongeza Nyemo kwa maneno mazuri, na alikuwa amesema kwamba kanuni ni kanuni. Akimpitisha mmoja kwa huruma, kesho atawapitisha kumi. Nyemo alisimama mkakamavu akapiga saluti, kisha akaenda kukaa ndani ya kinyumba kimoja cha Mji wa Mabati, ambako alidhani hakuna mtu atakayemwona.

"Unajuta?" Sajini alimuuliza kutoka mlangoni.

"Sijuti, afande," Nyemo alisema huku kamasi zikimtoka. "Lakini inauma. Inauma sana."

"Iache iume. Ingekuwa haikuumi, ningejua nilikufundisha bure."

Akapelekwa kaunta. Alipokea malalamiko ya mtu aliyekerwa na jogoo wa bandia wa jirani yake, na ya bibi ambaye gari lilimpeleka kwa mkwe asiyemtaka. Aliyapokea kwa uso mkunjufu, lakini kila king'ora kilipopita nje, mkono wake uliitafuta gia chini ya meza. Mama yake alimwambia kazi ni kazi. Majirani walikubali haraka mno.

Miezi miwili hivi ilikuwa imepita pale Mhandisi Edwiga alipoingia kituoni, Sajini Pelagia nyuma yake. Mhandisi alikuwa amekonda.

"Mfereji wa mazoezi nimeusimamisha," alianza kabla hata ya salamu. "Wa kweli nimeutoa kufuli, mtu akitaka kushuka, anashuka. Sasa nataka Mpishanishi atazame pembeni. Nimempa kamera kila mahali, mwanangu, anaona kila kitu. Lakini hajui anachokiona. Nikimwonyesha mtu anayepunga na mtu anayeomba msaada, kwake yote ni mikono. Namhitaji mtu wa kumsimulia barabara."

"Mimi niko kaunta, Mhandisi."

"Nimekwisha kuzungumza na Mkuu wako. Utaendesha kila siku, mji mzima, masika na kiangazi, na utazungumza. Yeye atasikiliza."

Nyemo alimtazama Sajini. Hakuthubutu kuamini.

"Usianze kujidai," Sajini alisema. "Mtihani utaurudia mwakani na wenzako, kwa kanuni mpya. Safari hii kisanduku kitapima na unachokiona. Sasa ondoka hapo kwenye kiti, kuna mtu mwingine atamsikiliza huyo jogoo."

Hivyo ndivyo Nyemo Chidawali alivyopata usukani. Aliendesha Unyangwe nzima, asubuhi hadi magharibi, akieleza kwa sauti kila alichokiona: mlango ulio wazi, tairi lililogeuka, mtoto anayetazama upande wa pili wa barabara badala ya kutazama magari. Mwanzoni Mpishanishi alisikiliza tu. Kisha akaanza kuuliza, maswali ya ajabu ajabu, mengine ya kuchekesha. Aliuliza kwa nini watu hukimbia mvua ikinyesha na hutembea ikiisha, ilhali wamekwisha kulowa. Kisha, mvua za kwanza zilipokuwa zimeilainisha hewa, akaanza kujaribu kusimulia mwenyewe, kwa kusitasita, na Nyemo akawa anamrekebisha.

Asubuhi moja walikuwa kwenye Barabara ya Zabibu, njia zote sita zimejaa.

"Kushoto, mbele," Mpishanishi alisema. "Mama ameinama kando ya barabara. Hana nukta. Hatembei. Nimelinganisha na yote uliyonifundisha na sipati jibu. Anafanya nini?"

Nyemo alitazama. Mama yule alikuwa ameinama kweli, mgongo umewaelekea, kitu fulani kiko mikononi mwake au miguuni pake. Huenda amedondosha sarafu. Huenda anamfunga mtoto kiatu. Huenda anataka kuvuka.

"Sijui," alisema Nyemo. "Ndiyo maana tunapunguza mwendo."

Kisha gari likaanza kupunguza mwendo lenyewe, kabla mguu wa Nyemo haujafika kwenye breki, na nyuma yao, njia zote sita, Barabara ya Zabibu nzima ikapunguza mwendo pamoja nao.